Maziwa yaliyokataa kushika: moto unafanya nini ndani ya protini



Safari hii tunaanza na ugomvi. Ku fromajeri moja ndogo upande wa Kirolirwe, litri 60 za maziwa zilikataa kushika. Prezure iliwekwa asubuhi sawa kila siku, wakangoja nusu saa, wakangoja saa moja. Kisu kikiingia, maziwa yanafungana tena nyuma yake kama uji. Hakuna bonge, hakuna maji ya maziwa yanayojitenga. Saa sita waliyatupa kwa nguruwe. Kwa kuwa litri 10 zinatoa karibu kilo moja ya fromaji, ilikuwa kilo sita hivi zilizopotea, na ile ilikuwa siku ya kwanza barabara inapitika tangu siku nyingi.

Wakati tulifika, watu walikuwa wamekwisha kupata mwenye kosa. Mama mmoja, memba wa koperative, alikuwa ameleta bidoni ya mwisho. Walisema ametia maji. Wengine walisema hapana, ni muuza prezure wa Goma, ametuuzia dawa ya zamani. Lakini kwa mama ilikuwa mbaya zaidi, juu kamati ilitaka kumsimamisha asilete tena maziwa. Yeye alituuliza neno moja tu: «Agronome, kama nilitia maji, mbona maziwa ya wote yamekataa?»

Tulifanya jaribio dogo. Tulitwaa litri moja ya maziwa mabichi ya jioni, tukayapasha moto mpaka digrii 35, tukaweka prezure ileile, kipimo kilekile. Baada ya dakika 40 yalishika vizuri, kisu kinatoka safi. Basi prezure ilikuwa nzima. Kisha tukauliza: yale maziwa ya asubuhi mliyafanya nini mbele ya prezure? Walitujibu kwa furaha kwamba waliyachemsha kabisa, mpaka yanapanda kwenye sufuria, juu walisikia kwenye mafunzo kwamba maziwa mabichi yanaleta ugonjwa wa brusela. Waliyapoza, ndipo wakaweka prezure.

Walifanya kitu kizuri kwa afya ya watu, na kitu kile kile kiliua fromaji. Ili kuelewa namna gani mambo hayo mawili yanakwenda pamoja, inafaa tuingie ndani ya maziwa tuangalie protini.

Protini ni mnyororo. Chukua ushanga mrefu wa shanga za aina 20 mbalimbali. Kila shanga inaitwa asidi amino. Mpangilio wa shanga ndio unatofautisha protini ya nyama, ya yai, ya maharagi, ya nywele. Lakini mnyororo hauninginii tu kama kamba ya kuanika nguo. Unajikunja wenyewe mpaka unakuwa kama kidonge, na kila aina ya protini iko na mkunjo wake. Mkunjo ndio kazi yake. Protini ikikunjuka, shanga ziko zote, hakuna hata moja imepotea, lakini kazi imekwisha.

Nini inashikilia ule mkunjo? Vitu vidogovidogo vingi. Kuna shanga zinazopenda maji na kuna zinazoogopa maji sawa mafuta. Zile zinazoogopa zinajificha ndani ya kidonge, zinazopenda maji zinabaki nje. Kuna zenye umeme kidogo, moja ya kuvuta na moja ya kuvutwa. Na kuna shanga chache zenye salfa ambazo zinashikana mbili mbili kama kifungo cha shati. Ukiondoa hivi vifungo vya salfa, vingine vyote ni dhaifu, kila kimoja peke yake ni kama uzi wa buibui. Vikiwa pamoja vinatosha, lakini vinatosha kidogo tu. Njo maana protini haihitaji moto wa kuyeyusha chuma ili iharibike. Digrii 60 au 70 zinatosha kwa nyingi.

Moto maana yake ni kutikisika. Kadiri kitu kinapashwa, chembe zake zinacheza zaidi. Kidonge cha protini kinatikiswa mpaka zile nyuzi dhaifu zinakatika, mnyororo unafunguka, na zile sehemu zilizokuwa zimejificha ndani zinatokea nje kwenye maji. Hazitaki maji. Zinatafuta kitu cha kujifichia, na karibu yao kuna protini nyingine iliyofunguka pia. Zinashikana. Zikishikana nyingi, unaona kwa macho: weupe wa yai uliokuwa kama maji unakuwa mgumu na mweupe. Hakuna mtu amekwisha kuona yai lililochemshwa linarudi kuwa bichi.

Tuseme ukweli, si kila protini inakataa kurudi. Kule Marekani mwanasayansi anayeitwa Christian Anfinsen alichukua protini moja ya kongosho la ng'ombe, akaikunjua kwa dawa mpaka ikapoteza kazi yake yote. Alipoondoa zile dawa polepole, ilijikunja tena yenyewe na kazi ikarudi. Kwa kazi hiyo alipewa tuzo la Nobel mwaka 1972. Alionyesha kwamba mpango wa mkunjo umeandikwa ndani ya ushanga wenyewe. Lakini yeye alikuwa na maji safi yenye protini moja. Sisi tuko na sufuria yenye protini za kila namna zimejaa pamoja, zikifunguka zinakamatana na jirani mbele ya kupata nafasi ya kurudi.

Ninyi wafugaji mnajua mfano mzuri kuliko wa yai. Maziwa ya kwanza ya ng'ombe aliyezaa, yale mazito ya manjano, ukiyaweka kwenye moto yanafanya nini? Yanaganda mbele ya kuchemka. Hakuna uchawi pale. Yale maziwa yamejaa protini za kulinda ndama asipate magonjwa, na protini zile zinakunjuka haraka na moto. Njo maana pia tunasemaka kila siku: hapana kuleta maziwa ya siku tano za kwanza kwenye fromajeri. Ni ya ndama, na tena kwenye sufuria yanasumbua.

Sasa turudi kwa maziwa ya kawaida. Ndani ya litri moja ya maziwa ya ng'ombe mna gramu 33 hivi za protini, na ziko za jamaa mbili. Jamaa kubwa, karibu asilimia 80, inaitwa kazeini. Jamaa ndogo, asilimia 20, ni protini za maji ya maziwa, yaani zile zinazobaki ndani ya maji ya kijanikijani ukiisha kutoa bonge.

Hizi jamaa mbili hazina tabia moja, na hapa ndipo watu wengi wanachanganyikiwa, hata wale waliosoma. Kazeini haina mkunjo mkali. Minyororo yake imelegea tangu mwanzo, na inakaa pamoja kwa maelfu ndani ya mpira mdogo sana ambao jicho halioni, imefungwa na kalisiamu. Kitu kisicho na mkunjo mkali, moto hauna cha kukunjua. Njo maana maziwa mazuri unaweza kuyachemsha na yasigande, kinyume cha yai. Ile mipira ya kazeini ndiyo inafanya maziwa kuwa meupe.

Kwa nini ile mipira haishikani yenyewe? Juu kila mpira uko na nywele. Kwenye ngozi yake kuna kazeini ya aina moja, inaitwa kapa-kazeini, ambayo mkia wake unatoka nje na unapenda maji. Mikia ile inasukumana. Mpira mmoja ukikaribia mwingine, nywele zinakataa.

Prezure inafanya kazi ya kinyozi. Ndani ya prezure kuna enzimu inayotoka kwenye tumbo la nne la ndama anayenyonya, na enzimu ile inakata kapa-kazeini mahali pamoja tu, kati ya shanga ya 105 na ya 106. Mkia unaanguka na kwenda na maji. Mpira umebaki na upara, hausukumi tena, na kwa msaada wa kalisiamu unashikana na mwenzake, na mwenzake, mpaka sufuria nzima inakuwa bonge moja. Angalieni vizuri: hapa hakuna protini iliyokunjuka kwa moto. Fromaji ya Masisi inaganda kwa kukatwa, haigandi kwa kupikwa.

Basi ukichemsha maziwa mbele, kuna nini? Kazeini inavumilia, tumesema. Lakini ile jamaa ndogo haivumilii. Kubwa kati yao inaitwa beta-laktoglobulini, ushanga wa shanga 162, na ndani ya mkunjo wake imeficha shanga moja ya salfa isiyo na mwenzake. Ukipita digrii 70 inaanza kufunguka kwa wingi, na ukifika 80, 85, karibu yote imefunguka. Ile salfa iliyokuwa imejificha sasa iko nje, inatafuta wa kushikana naye. Nani yuko karibu mwenye salfa? Kapa-kazeini, kwenye ngozi ya mpira. Inamng'ang'ania pale pale.

Mpira uliokuwa na nywele safi sasa umefunikwa na matambara. Kinyozi akikuja, anapata kazi ngumu. Na hata pale anapokata, mipira haikaribiani vizuri, juu matambara yako katikati. Unapata uji. Prezure si mbaya, maziwa hayana maji ndani, na yule mama hana kosa.

Kuna alama mbili ambazo pua na macho vinakuambia bila mashini. Ile harufu ya maziwa yaliyochemka, tofauti na maziwa mabichi, inatoka kwa salfa iliyofunguka. Na ule utando unaokaa juu ya maziwa yakipoa mna ndani protini zilizokunjuka, pamoja na kazeini na mafuta. Ukisikia harufu ile kwenye sufuria ya fromaji, ujue umepita.

Tusieleweke vibaya. Hatusemi mrudi kwa maziwa mabichi. Brusela iko kwenye ng'ombe wetu, inaingia kwenye maziwa, inabaki ndani ya fromaji mbichi, na mtu anaipata: homa inayokwenda na kurudi, maumivu ya viungo, mama mjamzito anaweza kupoteza mtoto. Kifua kikuu cha ng'ombe pia kinapita kwa maziwa. Kuna wazee wanatuambia kwamba tangu wamisionari Wabelgiji walete fromaji huku watu wamekula fromaji ya maziwa mabichi na hakuna aliyekufa. Tunawaheshimu, lakini homa nyingi zilizoitwa malaria hazikupimwa.

Njia iko katikati. Digrii 63 kwa dakika 30 inaua brusela na vijidudu vya kifua kikuu, na beta-laktoglobulini nyingi inabaki imekunjika. Viwanda vikubwa vinatumia digrii 72 kwa sekunde 15, lakini kwa sufuria na kuni hapana kujaribu hiyo, huwezi kupandisha na kushusha haraka namna ile. Weka sufuria ya maziwa ndani ya sufuria kubwa yenye maji, ili moto usiguse maziwa moja kwa moja. Koroga polepole bila kuacha, juu pembeni kunapashwa mbele ya katikati. Yakifika 63, toa kuni, acha makaa kidogo, anza kuhesabu dakika. Yakipanda 65 si msiba. Yakipita 70, yale si ya fromaji tena. Zikiisha dakika 30, poza haraka kwa maji baridi mpaka 35, ndipo prezure.

Maziwa yaliyopashwa hivi yanaweza kuchelewa kidogo kushika kuliko mabichi. Wenye kloridi ya kalisiamu ya chakula wanaweza kuongeza gramu 20 kwa litri 100, imeyeyushwa kwanza katika maji, hapana kuzidisha, juu inaleta uchungu. Lakini hiyo dawa haifufui maziwa yaliyochemka.

Neno juu ya termometri. Koperative moja ilitupa termometri yake nzuri, juu waliijaribu kwenye maji yanayochemka na haikufika 100. Wakasema imekufa. Haikuwa imekufa! Maji yanachemka kwenye digrii 100 huko pwani, usawa wa bahari. Ukipanda mlima hewa inapungua uzito, na maji yanachemka mapema. Goma, kwenye metri 1,500 hivi, ni kama 95. Ukiwa kwenye metri 2,000, ni kama 93. Basi ukijaribu termometri yako huku milimani na inakuonyesha 93 au 94, ilinde sana, inasema kweli. Ile inayokuonyesha 100 ndiyo ya kuogopa.

Na hii ndiyo sababu maharagi yetu yanakula kuni nyingi kuliko ya Goma. Tukiwa hapo, tuseme na hili: haragi bichi liko na protini moja inayoitwa lektini ambayo inaleta kutapika na kuhara. Inavunjika kwa kuchemka kwa nguvu, lakini moto wa polepole usiochemsha hauivunji vizuri. Kuweka maharagi kwenye makala hafifu tangu asubuhi bila kuyachemsha kwanza ni hatari. Hapo kukunjua protini ni faida yetu.

Tumesema prezure ni enzimu, na enzimu ni protini. Maana yake hata yenyewe inaweza kukunjuka, na prezure iliyokunjuka ni maji tu. Inapenda joto la mwili wa ndama. Ukiiweka kwenye maziwa ya digrii 60 kwa haraka ya kumaliza kazi, umeiua. Chupa iliyokaa dirishani kwenye jua, au juu ya rafu karibu na jiko, inapoteza nguvu siku kwa siku. Na kuna kosa moja tunalokutana nalo mara nyingi tangu maji ya klore yaenee juu ya kipindupindu: watu wanayeyusha prezure ndani ya maji yenye klore. Klore inaharibu protini za vijidudu, njo kazi yake, na haichagui. Inaharibu na prezure. Chemsha maji ya kisima, yapoze, yeyusha prezure na hayo. Klore tumia kuosha vyombo, kisha suuza vizuri.

Adui mwingine ni asidi, na huyu anapanda barabarani. Maziwa yanayokamuliwa saa kumi na mbili na kufika saa tano kwenye bidoni la plastiki, jua limepanda, yako na vijidudu vinavyokula sukari ya maziwa na kutoa asidi. Asidi inazima umeme wa zile nywele za kazeini na kuyeyusha kalisiamu iliyofunga mipira. Kwenye pH 4.6 (maziwa mazuri yako kati ya 6.6 na 6.8) kazeini inaanguka yote. Kwa maziwa ya mgando, yale wengi wetu tunaita kivuguto, hiyo ndiyo tunatafuta. Kwa fromaji ni hasara. Maziwa yenye asidi nusu nusu ni mabaya zaidi, juu mdomo hausikii bado uchachu, lakini kwenye moto yanakatika. Njo maana mpokeaji anachanganya maziwa na alkoli ya asilimia 68, kipimo sawa kwa sawa: yakitoa chembechembe, yarudi. Hapana kutumia kanyanga kwa jaribio hilo. Nguvu yake haijulikani, na mtamuonea mtu. Asiye na alkoli achemshe kijiko kimoja cha kila bidoni. Kinachokatika kisiingie kwenye sufuria ya wote.

Yabaki yale maziwa litri 60. Hayakuwa ya kutupwa, na ilituuma sana kuona nguruwe wanayanywa. Maziwa yaliyochemka ndiyo mazuri zaidi kwa kivuguto: yale matambara ya protini yanakamata maji na kivuguto kinakuwa kizito, hakitoi maji juu. Yangepozwa mpaka vuguvugu, kukatiwa kivuguto cha jana, kufunikwa mpaka kesho, yangeuzika Kitshanga. Njia nyingine: kuyarudisha kwenye moto mpaka 85 au 90, kutia maji ya limau kidogo kidogo mpaka yakatike, kuchuja kwa kitambaa safi na kutia chumvi. Kwa njia hiyo kazeini na protini za maji zinatoka pamoja. Si fromaji ya kuweka miezi, inaliwa kwa siku mbili tatu, lakini ni chakula. Hata yale maji ya kijanikijani ya kila siku, ukiyapasha namna hiyo hiyo, yanakuachia jibini laini nyeupe kabla ya kuwapa nguruwe.

Kamati ilikaa kesho yake. Kijiko cha maziwa ya yule mama kilichemshwa mbele ya wote na hakikukatika, na maziwa yake yamepokelewa tena tangu siku ile. Hasara ya zile kilo sita wameigawa kati ya memba wote, kila mtu kadiri ya litri zake za siku hiyo, naye pia. Hilo la mwisho hatukulipenda, lakini ni kamati yao.